Mhimili wa Nne

Daraja la Hollis lilikuwa limefaulu kipimo cha uzito kupita kiasi. Hilo ndilo lililomtoa Theodora Ambilikile nyumbani kwake Sugar Land, pembeni mwa Houston, Ijumaa asubuhi na kumpeleka Dallas, akiwaachia watoto kiporo cha wali na amri ya kutogusa jiko.

Kampuni ya bima iliyomwajiri pale Houston ilitakiwa kuweka saini kwamba daraja ni salama kabla ya Jumatatu. Jumatatu, kibao kilichokataza magari mazito kingeng'olewa, na mabasi ya shule ya mtaa wa Vickery Meadow yangeanza kupita hapo badala ya kuzunguka mbali. Mwaka mwingine saini ile ingetoka bila mtu kuinua kichwa. Lakini ilikuwa Septemba 2007, na hata miezi miwili haijatimia tangu daraja kubwa la Minneapolis lianguke mtoni pamoja na magari yake. Bosi wake alimwambia aende akaangalie kama kuna kitu. Theodora aliposoma ripoti ya kipimo alijua kitu kipo. Ila hakukijua.

Injinia Humphrey Nderitu, Mkenya wa Arlington aliyelipima daraja na kuandika ripoti, alikuwa akimsubiri chini ya daraja, kando ya kijito. Shati limechomekwa vizuri, miwani ya jua iko utosini.

"Karibu, madam. Umetoka Houston yote hiyo? Si ungepiga simu tu nikueleze."

"Simu haina daraja," Theodora akasema. Akainua macho. Mihimili mitano ya chuma ilikuwa imelala sambamba kutoka ukuta wa upande huu hadi ukuta wa upande ule, ikibeba zege la barabara mgongoni. Kwenye tumbo la kila mhimili kulikuwa na alama za gundi. "Nieleze kazi yako kama unavyomweleza mama mkwe wako."

"Mama mkwe wangu angekuwa ashalala."

"Mimi nimekunywa kahawa."

Humphrey akacheka, akaeleza, na alieleza vizuri. Kwanza alilichora daraja ndani ya kompyuta, chuma kwa chuma. Kisha akaja hapa Jumamosi iliyopita, akabandika vihisio kwenye mihimili. Lori lililojazwa kokoto likapita juu, polepole kuliko mtu anayetembea, na vihisio vikaandika kila mhimili unavyonyumbuka. Akarudi ofisini, akalipitisha lori lile lile kwenye daraja la kompyuta, akawa analirekebisha mpaka likafanya kama daraja la kweli lilivyofanya.

"Daraja la kweli huwezi kulipakia mpaka livunjike," akamaliza. "La kompyuta unaweza. Likishafanana na la kweli, unaliuliza chochote. Basi, lori la moto, chochote. Na hili limebeba yote."

Theodora akatoa karatasi kwenye mkoba. "Mstari huu wa daraja na huu wa kompyuta. Imelaliana kama maharusi."

"Hiyo ndiyo maana ya ku-calibrate, madam. Nimekaa na hiyo model mpaka bibi akanuna."

Jibu lilikuwa sahihi, na ndiyo maana lilimuudhi. Madaraja yote aliyowahi kuyakagua yalikuwa na ukaidi wake. Kutu imekwama hapa, reli ya pembeni imesaidia pale, na mstari unatetemeka kama mkono wa mtu anayeandika ndani ya gari. Huu ulikuwa umepigwa pasi.

"Na hizi rekodi tatu za lori kupita, ni sekunde kwa sekunde?"

"Sekunde kwa sekunde. Hazijaguswa."

"Wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Hapa hapa, chini ya hema, na laptop yangu."

Theodora akatazama juu tena. Pale alipokuwa amesimama, aliona tumbo la mihimili na ukingo wa reli. Barabara yenyewe haikuonekana.

"Lori halikusimama popote juu ya daraja?"

"Never. Lilitembea kama gari la maiti, mara zote tatu. Lingesimama, ningeona kwa screen."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Dereva tu, jamaa wa Kongo anaitwa Wilondja. Barabara tulifunga. Tukaacha njia ya watu wa miguu."

Theodora akapanda mteremko, viatu mkononi, hadi ukuta wa mwisho ambapo ncha za mihimili zilikuwa zimekalia zege. Zege lilikuwa jeusi kwa moshi wa miaka na utandu wa buibui. Chini ya mhimili wa nne tu ndipo palipokuwa na kiraka cha saruji, cheupe, na buibui hata mmoja hakuwa amehamia hapo.

"Nani amepaka hii?"

"Hiyo ni ya zamani," Humphrey akajibu kutoka chini, bila kupanda.

Theodora alikwaruza kwa ufunguo wa gari. Unga ukamwagika mkononi. "Ya zamani?"

"Ya zamani kidogo. Ni ya sura tu, madam. Watu wa city wanapenda sura."

Watu hawazibi kwa ajili ya sura mahali ambapo lazima uvue viatu ili upaone. Theodora alipangusa unga kwenye leso, akaikunja leso, akaitia mkobani. Alipofika juu barabarani taa ya mwisho wa daraja ilikuwa nyekundu, na magari madogo mawili yalikuwa yamesimama yakisubiri, magurudumu juu ya kiraka kile kile. Akayatazama mpaka yakaondoka.

Akiwa garini simu ikalia. Binti yake, Tania, kutoka shuleni.

"Mom, did you move my calculator?"

"Iko juu ya friji, ulipoiacha. Na useme Kiswahili."

"Mom, I'm in the hallway."

"Na hallway haijui Kiswahili?" Akakata, akawasha gari.

Shaka yake ya kwanza, kwamba lori lilipita tupu, ilikuwa imekufa tangu asubuhi. Watu wa machimbo ya kokoto walimsomea uzito kwa simu, na ulikuwa ule ule wa kwenye ripoti. Ikabaki shaka ya pili: kwamba kati ya machimbo na daraja, au juu ya daraja lenyewe, mtu aliupunguza mzigo. Mtu huyo angekuwa dereva.

Alimkuta Wilondja kwenye ngazi za ghorofa yao pale Vickery Meadow, anafunga kamba za viatu vya kazi. Kijana mrefu, mpole wa sauti, mtu wa Fizi, mashariki mwa Kongo. Alipoona mwanamke mwenye mkoba wa ofisi anamjia, alisimama wima na kamba ya kiatu kimoja ikiwa bado wazi.

"Wewe ndiye Wilondja? Mimi Theodora, natoka bima. Nina maswali ya daraja."

"Jambo, mama. Karibu."

"Ulibeba nini?"

"Mawe madogo, mama, kokoto. Lori ilijaa mpaka juu. Tuliipima kule kule kwa mizani."

"Hukumwaga njiani?"

Akashangaa kwa dhati. "Nimwage wapi, mama? Amerika hii? Si watanifunga?"

Theodora aliuamini mshangao ule. "Ulivuka mara ngapi?"

"Tatu. Na sikusimama."

Chini uani mtoto alikuwa anapiga mpira ukutani.

"Sijakuuliza kama ulisimama."

"Ndiyo, mama. Nasema tu."

"Injinia alikukataza kusimama?"

"Alisema, ukisimama unaharibu kazi yote, tunarudia, na patron, mwenye kazi, anatafuta dereva mwingine." Akainama akafunga upya kamba ya kile kiatu kilichokuwa tayari kimefungwa. "Vraiment, mama, kweli sikusimama."

Kabla hajamaliza, mwanamke mzee akaingia uani akiburuta mguu wa kulia, mifuko miwili mkononi, koti la kazi la nyumba ya kulelea wazee likiwa bado mwilini. Wilondja alipomwona, uso ulimbadilika.

"Mama Clothilde, jambo, uko muzima, haya, tutaonana," akasema kwa pumzi moja, na huku anamwonyesha mlango wake kwa mkono.

Mama Clothilde akatua mifuko chini. "Haya? Haya ni salamu gani, Wilondja? Nimekuwa mbwa?"

"Samahani, mama. Niko na mgeni."

"Mgeni naye ana masikio, atasikia salamu." Akamgeukia Theodora, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamuuliza kwao, nyumba yake, watoto wangapi, wanasoma, wanaamka vizuri, na Houston kuna jua namna gani. Theodora alijibu kila swali, naye akauliza ya kwake: mjukuu wake Zoé, kazi, mguu. Mguu ulichukua muda wake. Ilipofika zamu ya ndugu wa Mama Clothilde aliyebaki Uvira na ugonjwa wake wa figo, Theodora alikuwa ameshajua kwamba salamu hii haina njia ya mkato.

"Umeona?" mama akamwambia Wilondja. "Mtanzania huyu hanijui na ameniuliza mpaka figo. Na wewe, ile siku ya posho ulinisalimia muzuri sana, ulisimamisha ile lori kubwa. Leo uko kwa miguu na una haraka kuliko na lori?"

Wilondja akafumba macho.

"Siku ya posho ipi, mama?" Theodora akauliza taratibu. "Jumamosi hii iliyopita?"

"Njo hiyo. Nilikuwa natoka kwa wazee wangu, napita ku daraja na huu mguu. Naona lori inakuja pole pole, mwana huyu ndani. Mwingine angetazama mbele kama haoni. Yeye akasimamisha, akashusha kioo, akaniuliza habari zote, mpaka tukamaliza. Mtu apite juu ya gari, mama yake anatembea chini, bila salamu? Huyo ni mtu?"

"Hakukupa lifti?"

"Alisema lori ni ya kupima, haibebi mtu. Nikamwambia basi haina faida." Akacheka peke yake.

"Lori lilisimama wapi hasa?"

"Pale mwisho, karibu na taa. Upande wetu huu." Akaokota mifuko. "Juma ijayo basi ya Zoé itaanza kupita pale. Sitamuamsha tena na giza. Mungu awabariki watu wa daraja."

Alipopotea mlangoni, Wilondja alikaa kwenye ngazi.

"Watanifukuza, mama?"

"Ilikuwa safari ya ngapi?"

"Ya pili."

"Injinia alikuona?"

"Alikuwa chini ku hema. Nilipomaliza aliniuliza kama yote ni sawa. Nikasema sawa." Akaweka viganja kichwani. "Nimeharibu kazi yao."

Theodora alikuwa ameshatoa karatasi na kuitandaza juu ya boneti la gari lake. Rekodi tatu, vilima vitatu. Mstari unapanda lori likikaribia, unashuka lori likiondoka. Vilifanana kama mikate mitatu ya kopo moja. Aliweka kidole kwenye kilima cha pili na kukipitisha taratibu kutoka mguuni hadi mguuni. Lori likisimama, mzigo unasimama, na mstari lazima ulale kama meza, kwa urefu wote wa salamu ya nyumba, watoto, mguu na figo. Hapakuwa na meza. Hapakuwa hata na kigoda.

"Wilondja," akasema, "kesho na keshokutwa mtu akikuuliza, mwambie ulisimama. Umesikia? Usidanganye tena hata kidogo."

Humphrey alikuwa bado chini ya daraja, anaongea na simu. Alipomwona Theodora anarudi, aliikata bila kuaga.

"Umesahau kitu, madam?"

"Nataka uniambie tena. Jumamosi lori lilisimama?"

"Nilishakuambia. Halikusimama."

"Na lingesimama, ungeona kwenye skrini."

"Lazima."

"Lilisimama. Safari ya pili, karibu na taa, magurudumu juu ya ukuta huu hapa. Dereva amekiri, na yuko mama aliyesalimiana naye mpaka ndugu wa Uvira."

Humphrey aliiteremsha miwani kutoka utosini na kuanza kuifuta kwa shati. "Labda ilikuwa kabla hatuja-start ku-record."

"Kabla ya safari ya pili lori lilikuwa ng'ambo ile. Lisimame upande huu bila kuvuka?" Theodora akaigonga karatasi ya rekodi kwa kidole. "Ama Mama Clothilde alisalimiana na mzimu, ama rekodi ulizotuletea hazikutoka kwenye daraja. Zilitoka kwenye kompyuta. Kompyuta yako inajua chuma, inajua kokoto. Hakuna aliyeiambia kwamba Mkongo hampiti mama yake bila kumjulia hali. Nionyeshe rekodi ya kweli, Bwana Humphrey. Ile yenye salamu."

Juu yao gari lilipita, na daraja likatoa mlio mdogo, tak, upande wa kiraka. Humphrey alikaa juu ya jiwe. Akafungua laptop magotini.

Rekodi ya kweli ilikuwa na mistari mitano inayotetemeka, mmoja kwa kila mhimili. Kilima kilipanda, kisha kikalala. Mistari miwili ikalala sawasawa. Wa nne haukulala. Ulishuka, polepole, kama mtu aliyebeba jeneza na wenzake akaanza kulegeza bega bila kusema. Na kadiri ulivyoshuka, wa tatu na wa tano ilipanda.

"Mhimili wa nne unautua mzigo," Theodora akasema.

"Nilifikiri ni gundi." Sauti ya Humphrey ilikuwa imepungua. "Mimi najua lori linatembea. Line inafanya hivyo na lori linatembea? Hiyo ni sensor imeachia. Mtu yeyote angesema ni sensor."

"Na safari ya tatu?"

"Haikufanana tena na ya kwanza. Nikasema sensor imekufa kabisa. Report ilikuwa inangojewa, barabara haingefungwa mara ya pili. Nikachukua za model, zote tatu, ndio zifanane."

"Mpaka hapo ulikuwa mvivu. Niambie kuhusu saruji."

Humphrey akatazama kijito.

"Bwana Humphrey."

"Jumanne nilirudi kutoa sensor. Nikapata vipande vya zege vimeanguka hapo chini ya mhimili. Nikavitupa."

"Hapo ukajua si gundi."

"Report ilikuwa ishaenda."

"Sijauliza ripoti. Hapo ulijua?"

"Nilijua," akasema.

Theodora akasogea, akainama kwenye skrini. "Daraja lako la kompyuta, unaweza kuuachia mhimili wa nne? Uufanye usikalie kitu?"

"Naweza."

"Achia. Weka basi la shule. Lijaze. Lisimamishe kwenye taa, na jingine nyuma yake, kama saa za asubuhi."

Vidole vya Humphrey vilijua kazi. Kompyuta ikafikiri. Mihimili ikatokea kwa rangi: wa kwanza na wa pili kijani, wa nne mweupe kwa sababu haukuwa unabeba chochote. Wa tatu na wa tano ilikuwa myekundu kutoka ncha hadi ncha.

"Soma," Theodora akaamuru.

"Haibebi," Humphrey akasema.

"Kwa sauti utakayowasomea wakubwa wa jiji."

"Haibebi, madam. Bus ikitembea inaweza kupita. Ikisimama hapo, haibebi."

Theodora alikuwa ameshapiga simu. Alimwambia bosi wake Houston kwa maneno machache kwamba saini haipo, kibao hakitoki, na awapigie wenye daraja sasa hivi, siyo Jumatatu, nakala ya rekodi inakuja. Alipokata, taa ya juu ilikuwa imegeuka tena. Breki zikalia. Gari zito kiasi lilisimama juu ya vichwa vyao, na unga mweupe ukadondoka kutoka kwenye kiraka, kidogo tu, kama sukari kutoka kwenye kijiko.

"Zile koni za kufungia barabara ziko wapi?"

"Kwa pickup. Lakini, madam, hatuna kibali cha kufunga. Lazima polisi..."

"Polisi watatukuta tumefunga. Beba."

Walipanda mteremko, Humphrey na koni begani, Theodora viatu mkononi. Alisimama katikati ya barabara, akainua kiganja kama anavyowazuia wanawe mlangoni mwa jikoni, na magari yakasimama kabla ya kufika darajani. Mwenye gari la mbele akapiga honi. Theodora akamtazama mpaka akaacha.

Humphrey akapanga koni ya mwisho. Jasho lilikuwa limemlowesha shati mgongoni. "Na dereva?" akauliza, bila kumtazama. "Aliambiwa asisimame. Alivunja procedure. Hiyo nayo utaandika?"

"Nitaandika." Theodora alikuwa anapangusa nyayo ili avae viatu. "Nitaandika alisimama wapi, kwa nini, na alimsalimia nani. Na wewe utaandika kilichotokea akiwa amesimama. Anza leo, kwa mkono wako, bila kompyuta."

Upande wa pili wa koni, Mama Clothilde alikuwa ameshikwa mkono na mtoto wa kike mwenye begi la shule, wanaelekea darajani kwa miguu. Aliona magari yaliyozuiwa, akaona Theodora yuko peku katikati ya barabara. Akatua mzigo wake chini kabisa, tayari kuanza upya.

"Mama Theodora! Jambo tena! Habari ya tangu mchana?"

Theodora akavaa kiatu kimoja, akamwachia Humphrey kusimamia magari, akaenda kumshika mkono, akamgeuza taratibu yeye na mjukuu wake, warudi nyuma.

"Nzuri, mama," akasema. "Lakini leo tusalimiane huku."